Plasta Sita Zilizoishia Kwenye Makaa

Jumapili jioni, Julai inaelekea kuisha, 2005. Langley Park, Maryland.

Joto la leo ni lile la kumchukia mtu kwa sababu tu amekaa karibu nawe. Mimi nina watu watano wa kuwachukia, na wote ni wa kanisa langu.

Wacha niandike nikiwa bado na hasira, maana ikipoa nitaanza kuwatetea. Najijua.

Mimi ni mtu niliyetembea. Nimefanya kazi Dubai, nimekwama Amsterdam siku mbili bila kuoga, na hapa Amerika majimbo niliyolala ni mengi kuliko yale ambayo wenye digrii wameyaona kwenye ramani. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini dunia imenifundisha mpaka ikachoka. Ila pua imenishinda. Tangu mwaka wangu wa pili hapa imeziba. Wakati wa maua ni chavua, wakati wa baridi ni mafua, na katikati ni kamasi tu za kujitolea. Vidonge nimemeza, dawa za kupuliza nimepuliza. Mke wangu Roselyne, ambaye ni nesi, anasema ninakoroma kama trekta ya ushirika inayopanda mlima.

Kukoroma ningevumilia, maana anayeteseka ni yeye. Shida ni kwamba sisikii harufu. Yoyote.

Kazi yangu ni kumtunza Mzee Walter kule Springfield, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Miguu yake imekataa kazi lakini mdomo haujakataa. Mwezi wa tano alijisukuma na kiti chake hadi jikoni, akafungua gesi achemshe chai, moto haukushika, akasahau. Tukakaa sebuleni sisi wawili tukitazama besiboli. Binti yake, Janet, alipofungua mlango alipiga kelele kabla hajavuka kizingiti. Nyumba imejaa gesi, na mimi niko hapo natafuna karanga na kubishana juu ya mchezo ambao hata sheria zake sizijui.

Janet hakunifukuza. Aliniambia taratibu kwamba nitafute dawa, kwa sababu hawezi kumwacha baba yake na mtu asiyesikia harufu. Upole ule ulinikata kuliko matusi.

Ndiyo nikaenda kwa daktari wa Kichina, mama mmoja mwembamba mwenye chumba juu ya duka la vyakula upande wa College Park. Yeye na Kiingereza chake, mimi na changu, tulielewana kuliko ninavyoelewana na wazungu. Alisema ugonjwa wa baridi hupigwa wakati wa joto, ukiwa umelala, si ukiwa umeamka na rungu mkononi. Anasaga haradali na mizizi fulani, anakanda na maji ya tangawizi, anakubandika mgongoni. Siku ni tatu, zile kali kuliko zote kwa kalenda yao, na kati ya moja na nyingine ni siku kumi. Plasta zikae masaa manne. Siku hiyo usiguse barafu wala soda baridi, wala usikae na kiyoyozi mgongoni. Na urudie hivyo kila kiangazi, miaka mitatu.

Hiyo ya miaka mitatu sikumwambia mtu.

Leo ilikuwa siku ya pili. Asubuhi nilibandikwa plasta sita, mgongo ukawaka kama nimepakwa pilipili, nikaenda moja kwa moja kwenye pikiniki ya kanisa. Nisingekosa. Bila mimi, nyama choma ya Maryland ni ajali ya moto tu.

Baada ya chakula Dada Peris, kiongozi wa kikundi cha maombi, akauliza nani ana hitaji. Na mimi, mjinga, nikasimama. Niliona Mungu na yule Mchina wakishikana mikono, pua hii itafunguka yenyewe kwa aibu.

Yeye na wengine wanne wakanizunguka wakaniwekea mikono. Ya kichwani ikaendelea kuomba. Ya mgongoni ikasimama.

“Ndugu Sifuna, hivi vinundu ni vya nini?” akauliza Dada Peris.

“Plasta, dada. Ya mafua.”

“Kwani wewe unapumulia mgongo?”

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Kisha shati likapandishwa wakaona miduara sita myeusi, mitatu huku, mitatu kule. Kicheko kikakatika.

“Shindwa! Hizi zimepangwa! Nani amekupanga hivi?”

“Daktari wa Kichina.”

“Yaani umetoka Bungoma, umepita bahari, umekuja mpaka Amerika ndiyo uende kwa mganga?”

Wakazibandua. Zilikuwa zimekaa masaa matatu tu. Dada Peris akazitupa kwenye jiko langu, juu ya makaa niliyowasha mwenyewe. Watu wakafunika pua, wakasema moshi unanuka kuzimu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Sikusikia kitu.

Huyu Dada Peris ana chupa ya mwarobaini kwenye friji. Aliibeba kutoka nyumbani kwa ajili ya malaria, na anaishi mahali ambapo mbu wenyewe hawajui malaria ni nini. Mwarobaini ni mti wa Mungu, sawa. Na haradali je, iliota kwa nani? Si Yesu mwenyewe aliitolea mfano?

Haya yote nimeyafikiria sasa, nikiwa mezani kwangu. Pale sikusema hata moja. Nilipofika nchi hii na koti la kuazima, ni yeye aliyenipokea, nikalala sebuleni kwake miezi minne, akinipakulia ugali kabla hajawapakulia watoto wake. Mtu kama huyo unamjibuje mbele ya kanisa?

Dada Peris akasema, “Tamka, umeikataa dawa hiyo.”

Nikatamka. Nikaongeza na Amina mbili ambazo hakuna aliyeniomba.

Kwenye gari, taa nyekundu ya tatu, Roselyne alinigeukia. “Baba Neema,” akasema, “mdomo wote ule leo ulikuwa wapi?”

Nilimpigia daktari. Hakugomba. Alisema nije siku ya tatu, lakini ya leo imepotea hadi mwaka ujao.

Basi nimekaa hapa na mgongo unaowasha, nimewatukana wote watano mmoja mmoja kimoyomoyo, na nimefika mwisho wa orodha bado nina matusi yaliyobaki. Nadhani najua ni ya nani.

Ijumaa Janet aliniuliza pua inaendeleaje. Nilimwambia imefunguka. Nikavuta pumzi ndefu mbele yake nikamsifia harufu ya kahawa aliyoshika. Kahawa niliiona kwa macho. Alifurahi jamani! Akanikumbatia. Akasema kwa hiyo anaweza kusafiri Jumanne, siku nne, aniachie baba yake usiku na mchana.

Kwa hiyo Peris ameniharibia plasta. Mimi nimechezea roho ya mzee wa watu ili nionekane bingwa.

Peris bado nimemkasirikia, asije akadhani yameisha. Siku ya tatu ya dawa nitabandikwa, na nitampitia kwake nimwambie mwenyewe, shati likiwa juu. Hiyo itakuja.

Kesho asubuhi niko Springfield. Nitamwambia Janet ukweli kabla sijavua viatu, kwamba sisikii gesi, sisikii moshi, sisikii chochote. Ifungwe ile gesi, na anayesikia harufu aje akae hapo siku hizo nne, nami nikiwepo au nisiwepo. Kama ni kunifukuza, anifukuze mzee akiwa bado ana mdomo wa kunitania mlangoni.