Machozi Niliyoyapaka

Jumatano, 13 Agosti. Upepo mkali tangu asubuhi, mchanga wa ufukweni umeingia mpaka ndani ya saluni. Moyo wangu hauko sawa.

Hapa huwa naandika mambo kwa mpangilio. Leo pia nitajaribu, ingawa naona aibu.

Baba alifariki kwetu Uvira wiki tatu zilizopita. Ujumbe ulinifikia nikiwa kazini hapa ugenini, mtaa wa Point, nikimsuka mteja. Nilimaliza kichwa chote ndipo nikakaa chini. Sikulia. Nilikuwa sijamwona baba kwa miaka kumi na moja, na nadhani nilikuwa nimemlilia kidogo kidogo bila kujua.

Jioni ile shangazi Zawadi aliandika kwenye kundi la familia: wote walio mbali watume video, watu wa kilio wawaone.

Video ya kwanza: macho makavu, nazungumza kama msoma habari. Nikafuta. Ya pili: jirani alicheka upande wa pili wa ukuta. Nikafuta. Kabla ya ya tatu nilichukua dawa ya mafua, ile ya kupaka kifuani, nikajipaka kidogo chini ya macho. Machozi yakashuka kama mvua. Nikaituma.

Video hiyo walimwonyesha kila aliyefika kwenye kilio.

Mdogo wangu Neema ndiye aliyemuuguza baba miezi minane. Alimwogesha, alimlisha kwa kijiko, alifua mashuka yake. Siku ya mazishi alisimama karibu na masufuria akihesabu sahani, macho makavu. Shangazi akatuma sauti kwenye kundi: "Muone huyu wa mbali vile analia, na huyu wa karibu macho kama jiwe. Apana, hapa iko kitu."

Wote tulielewa maana ya "kitu".

Mimi nilijibu nini? "Asante shangazi," na moyo mwekundu.

Tangu siku hiyo maneno yamekua. Sasa wanasema Neema alimla baba kwa uchawi. Jumamosi hii kuna kikao cha kumtoa kwenye nyumba ya baba. Nilisoma yote hayo nikanyamaza. Nilijiambia mambo ya huko yatamalizwa na watu wa huko.

Leo alikuja Aline, mwanafunzi Mrundi anayeishi mtaa wa Berea. Anasoma historia chuoni, na mwaka huu wanafundishwa jinsi watu wa Ulaya wa karne za zamani walivyolia, walivyoogopa na walivyoona haya. Sikujua kwamba hata kulia kuna historia. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa chake alipoanza kunisomea kwenye simu.

"Tante, sikia hii. Mwanamke akishitakiwa uchawi, walikuwa wanaangalia kama anatoa machozi. Akikosa, basi ni mchawi."

Mama Exaucé, anayesuka kiti cha pili, akacheka. "Eish! Mimi wangenichoma asubuhi na mapema. Hata kitunguu hakinilizi!"

"Na mwenye analia?" nikauliza.

"Huyo pia walimchunguza. Walisema mchawi anaweza kujipaka mate kwenye mashavu, aonekane analia."

Mama Exaucé alizidi kucheka. Mimi nikaukaza msuko bila kujua.

"Tante, unanivuta nywele!"

Nikamwomba radhi. Nikaendelea kusuka mpaka nikamaliza.

Nilichokuwa nikiwaza ni hiki: watu wale walikosea kwa kuamini kwamba moyo unasomwa usoni. Mimi sikukosea. Mimi nilijua.

Nilijua Neema hana hatia na nilijua uso wangu ulikuwa wa uongo. Bado niliacha uso wangu utumike kama ushahidi juu yake.

Saa kumi nilitoka nyuma ya saluni, nikarekodi sauti kwenye kundi, bila video. Nilisema nilijipaka dawa. Nilisema sikulia hata tone la kweli, na kama kukauka macho ni uchawi basi waanze na mimi. Nilisema Jumamosi nitakuwa kwenye simu kikao kinapoanza, na nitarudia maneno hayo hayo wote wakisikia.

Shangazi alijibu wa kwanza: "Kwa hiyo ulitucheza akili, sisi na marehemu?" Kisha akatoka kwenye kundi. Baba mdogo aliandika kwamba kikao kinabaki palepale, lakini sasa kuna mambo mawili ya kuzungumza.

Sawa. Wayazungumze yote mawili.

Neema hakuandika kwenye kundi. Aliniandikia peke yangu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Asante, yaya. Lakini mbona umengoja wiki tatu?"

Niliandika kwamba kazi zilikuwa nyingi. Nikafuta. Niliandika kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Nikafuta hiyo pia.

Mwishoni nilimwandikia ukweli: "Kwa sababu nilipenda vile walinisifu."

Ameusoma. Hajajibu, na sina haki ya kumharakisha.