Mpaka Wifi Aseme Kwanza

Wifi yangu Naishiye,

Nina wivu. Nalisema mapema, kabla hata ya shikamoo, maana ungelijua tu, wewe uliyekuwa unamtambua muuaji kabla maiti haijapoa. Tulikuzika mahindi ya Ngaramtoni yakiwa yanafika magotini, leo yameshavunwa. Kanisani wananiambia nimepungua mwili kwa majonzi. Majonzi yapo, sikatai. Lakini mengine ni wivu, na jambo la aibu kama hili sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka utaratibu wetu. Mimi nanunua riwaya mjini kwa wauza vitabu wa barabarani, nakuletea dukani kwako, na wewe unaisoma kwanza kwa sababu eti fundi ni wewe na sindano ni yako. Ukimaliza unachukua uzi mwekundu, unaishona sura ya mwisho kwa mkono, mshono wa kulegea kama ule wa kumjaribishia mteja gauni, halafu unanirudishia. Mimi nasoma hadi kwenye uzi. Hairuhusiwi kukata mpaka nikupigie simu nikutajie muuaji. Ukishalisikia jina husemi nimepata wala nimekosa. Unasema tu, "Haya, kata." Nilikuwa nafika Njiro kutoka kazini, sijavua hata viatu, natafuta mkasi. Kazi ni ya serikali, nyumba ni ya kupanga, kaka yangu ulishamchukua. Uzi ule ndio uliokuwa wangu.

Tangu uondoke nimesoma riwaya mpya tatu na zote zimeniudhi. Moja ina mpelelezi kutoka Dar anayepanda Mlima Meru mwezi wa saba amevaa shati la mikono mifupi, na baridi haisikii. Mwandishi huyo nadhani hata stendi ya Arusha hajashuka. Nyingine, kila sura inaishia mlango ukigongwa. Unafungua ukurasa unaofuata moyo ukidunda, kumbe ni jirani anaomba chumvi. Ya tatu ilikuwa nzuri, nakiri, mpaka mwandishi alipobanwa akamtoa pacha. Pacha, wifi! Kitabu kizima hatujasikia kwamba yule mama alijifungua wawili. Ungekuwepo tungemsema mtu huyo mpaka chai ipoe. Na hizi za kwenye simu ndiyo balaa kabisa. Zinatumwa vipande vipande kwenye magrupu, mwenye haraka anamwaga mwisho wote hadharani, na simu huwezi kuishona. Zile riwaya tatu nilizisoma hadi mwisho bila uzi wa kunisimamisha, kama mtu anayekula peke yake jikoni.

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda Ngaramtoni kumsalimia kaka Lazaro. Nilimkuta dukani kwako. Cherehani yako imefunikwa kitenge, na yeye amekaa kwenye kiti chako, amevaa miwani yako. Ile ile ya fremu ya zambarau. Anasoma! Kaka yangu, ambaye tangu tumalize shule sijamwona ameshika kitabu zaidi ya kile cha nyimbo za kanisani, mtu wa ng'ombe na mnada wa Kisongo. Nikasema moyoni labda msiba umemvuruga. Akanikaribisha, akaweka kidole kwenye ukurasa asipoteze alipofika, akaniambia, "Huyu mwandishi anatuzungusha, mdogo wangu. Mwangalie anayeleta chai."

Mwangalie anayeleta chai. Maneno hayo ni yako. Uliniambia mimi, wakati ule wa riwaya ya hoteli, kwamba mtu anayeingia na kutoka na sinia hakuna anayemtilia maanani. Nikayaweka moyoni kama zawadi. Kumbe zawadi yenyewe ulikuwa unagawa.

Nikamwuliza kayatoa wapi. Akacheka, akasema kila riwaya ulimsimulia, jioni, wewe ukitia vifungo na yeye akisugua matope kwenye buti. Zote. Ile ya hoteli, ile ya daktari wa meno, ile ya bwana harusi aliyepotea. Anajua hata nilipokosea. Alinikumbusha nilivyomkazania yule padre, masikini, hana hatia yoyote, na akacheka mpaka miwani yako ikamteleza puani.

Iliniuma, wifi. Huyu mtu alikuwa na wewe wote. Chai yako ya asubuhi, watoto wako, ubishi wenu wa kila Jumapili kuhusu nani amewachelewesha ibadani, vyote vyake. Mimi niliachiwa kona moja tu, na humo humo ukamwingiza. Nilijiona kama mke aliyefumania, wakati mwenye ndoa ni yeye.

Halafu nikakitazama kitabu alichoshika. Ni kile nilichokuletea kabla hujalazwa, cha yule mama mfanyabiashara wa kahawa aliyekutwa amekufa ofisini kwake. Sikujua kama ulikimaliza. Ulikimaliza. Sura ya mwisho imeshonwa, uzi mwekundu, mishono imepinda kwa sababu mkono wako ulikuwa umeanza kutetemeka. Ulikuwa unaumwa, na bado ukakaa ukanishonea.

Nilikinyakua. Nikasema hicho ni changu. Yeye naye akakishika, hakukiachia, tukabaki tunavutana watu wazima wawili mbele ya mteja aliyekuja kuulizia sare ya mwanawe.

Mwishowe akaachia. Akavua miwani, akasema, "Unajua nimekungoja mara ngapi wewe?"

Nikamwuliza, umeningoja wapi? Ndipo akaniambia. Kwamba ulikuwa unamsimulia hadi kwenye uzi, hapo unanyamaza. Akikubembeleza umtajie nani kaua, unamjibu, "Mpaka wifi aseme kwanza." Nikichelewa na kazi zangu kule Njiro, yeye anakaa wiki nzima hajui. Akiamka tu, kabla ya kwenda zizini, anakuuliza kama nimepiga simu. "Nilikuwa nakuonea wivu sana, Ruth," akasema. "Mke ni wangu, lakini mwisho ulikuwa wako."

Ungependa kusikia kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilifurahi, wifi, nilifurahi mpaka nikaona haya, nikageuka kutazama barabarani asinione usoni. Halafu nikalia. Na yeye akalia. Yule mteja akasema atarudi siku nyingine.

Sasa kitabu ninacho hapa mezani, na nimekisoma hadi kwenye uzi. Si kibaya. Mwandishi anaijua kahawa na anawajua watu wa ofisini wanavyochekeana, ila polisi wake wanaongea kama taarifa ya habari. Kinachonishinda ni huo uzi wenyewe. Nikishakata, hakuna kitabu kingine popote ulichonishonea. Nimepika, nimefua, nimerudi kukitazama, nimekwenda kufua tena nguo ambazo si chafu. Kaka anapiga simu kila siku kuuliza nimefika wapi, na sasa naelewa ulivyoteseka naye. Yeye anamshuku mhasibu. Mhasibu! Nimemwambia miaka yote hiyo alikuwa anasikia buti lake tu, wewe hakukusikiliza.

Tumekubaliana Jumapili baada ya ibada niende na kitabu, tukate pale dukani kwa mkasi wako. Atasoma yeye kwa sauti, maana miwani anayo yeye. Mkasi nashika mimi, na hilo sitaki lijadiliwe. Na wewe nakuahidi hili: riwaya itakayofuata nitaisoma mimi kwanza, niishone kwa mkono wangu huu usiojua hata kurudishia kifungo, nimpelekee. Mwisho simwambii mpaka ataje jina. Angoje, ameshazoea.

Lakini sheria yako iko palepale. Hakuna kukata kabla sijakutajia wewe, na kaka aliponiuliza nitamtajia nani sasa, nilichukua kitabu nikaondoka. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Barua hii nitakuja kukusomea hapo kaburini kwako kwenye migomba, taratibu, kisha mimi na kaka tuingie dukani. Pumzika, wifi yangu mgawaji. Nakupenda, na bado nimenuna.

Nasema muuaji ni wifi yake yule mama wa kahawa. Yule anayeleta chai kila sura na hakuna anayemwuliza kitu. Aliua kwa wivu.

Haya, sema nikate.

Wifi yako,
Ruth