Nilimfanya Rafiki Yangu Asiyaamini Macho Yake

Mama Kasilda mpendwa, nisaidie, jambo hili nimeshindwa kukaa nalo peke yangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, nimesoma mpaka darasa la saba, ni mkuu wa walinzi kwenye kambi ya kampuni moja inayopeleka wageni kuwinda huku nje ya Sitalike, na cheo hiki nilikipata kwa uongo, na aliyekikosa ni Cletus, rafiki yangu ambaye tulianza kazi siku moja tukala sufuria moja miaka tisa, mpaka leo mtu akicheka kwa nguvu huko jikoni nageuka nikidhani ni yeye.

Mwaka 1991, miaka sita iliyopita, meneja alileta bastola ya zamani, ile ya risasi sita yenye tumbo linalozunguka, akasema atakayekuwa mkuu ndiye ataivaa. Shida ilikuwa inapiga chini, ukilenga kopo risasi inaingia ardhini shubiri nzima chini yake, na Cletus akaniletea mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na tupa, akasema, "Fundi, hebu iangalie hii, inajikojolea miguuni kama babu yako." Nikamweleza dawa yake iko kwenye kile kijino cha mbele, kule mdomoni, unachokiangalia ukilenga, ukikipunguza urefu risasi inapanda, basi nikawa nasugua kidogo yeye anapiga, nasugua, anapiga, mpaka kopo likaruka, na siku hiyo alinibeba mgongoni akazunguka kambi nzima wapishi wanapiga masufuria.

Halafu meneja akatangaza mtihani wa sisi wawili, risasi sita kila mtu, makopo juu ya gogo, hatua ishirini, na mama mimi nilijua Cletus simuwezi, yule alikuwa anaona nyati kabla mbwa hawajanusa, basi siku moja kabla ya mtihani nilipewa bastola niisafishe, nikachukua tupa nikasugua kijino tena, unene wa ukucha tu, na pale palipong'aa nikapapaka masizi ya koroboi pasionekane. Kesho yake Cletus akaanza, akalenga katikati ya kopo kama alivyozoea, risasi zote sita zikapita juu. Nikafuata mimi na bastola ileile, nikalenga chini, pale kopo linapokalia gogo, nikaangusha matano. Cletus akaja kunipa mkono. Akasema, "Hongera fundi. Bastola haina kosa, ni macho yangu ndiyo yameniaga."

Nikaupokea mkono wake.

Wiki iliyofuata aliacha kazi mwenyewe, akasema akisindikiza wageni porini ataua mtu, akaenda Mwamkulu kulima mahindi, na hospitali wamempima wakasema macho ni mazima, yeye akasema wanamfariji. Baiskeli haendeshi. Mwezi uliopita nilienda kumsalimia, niko bado mbali namuona ananitazama kabisa, halafu namsikia anamwambia mkewe, "Prisila, hebu niangalizie, nani huyo anakuja?" Prisila akamjibu, "Si rafiki yako wa Sitalike, mume wangu, au na kutembea kwake umesahau?" Tukala ugali, akaniambia ameshaamua, akivuna tu anauza ng'ombe, anaenda kwa mganga Sumbawanga akatiwe dawa ndani ya macho.

Mama, nina hamu na yule mtu. Nina hamu na alivyokuwa akiwaigiza wageni wanavyoshuka kwenye gari wameshika kiuno, na alivyokuwa akinitolea miiba ya samaki, yule mgebuka, kwa sababu nilishawahi kukwamwa na mwiba kooni akaogopa kuliko mimi. Hayuko mbali, ni mwendo wa saa tatu kwa baiskeli, lakini anayenipokea pale siye yeye.

Sasa nimechonga kijino kipya cha shaba, kirefu kinavyotakiwa, na meneja ameniruhusu kukibadilisha maana bastola inapiga juu miaka yote hii na mimi nikiendelea kulenga chini. Nataka nikishakifunga nimwite Cletus kambini nimwambie jaribu tu. Atapiga kopo, ataamini macho yamerudi, mambo ya mganga yataisha, na tutakuwa kama zamani bila yeye kujua chochote. Nikimwambia ukweli nitampoteza kabisa. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?

Ni mimi mwenye kujuta, Sitalike.

MAMA KASILDA ANAJIBU

Baba, barua yako niliposoma mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili nikakuonea huruma, kwa sababu mtu anayekumbuka miiba ya samaki baada ya miaka sita anapenda kweli.

Lakini hebu jisikilize. Unataka umdanganye mara ya pili, na safari hii akushukuru! Akipiga kopo atasema Mungu mkubwa, macho yamerudi. Na siku akikosa? Atasema yameondoka tena, atarudi kwa mganga yuleyule, na wewe utakuwa umekaa pembeni na tupa yako. Macho hayakuondoka, baba. Hayawezi kurudi.

Unasema utampoteza. Umeshampoteza siku ile ulipopokea mkono wake. Huyo unayemtembelea Mwamkulu ni mtu uliyemtengeneza wewe.

Kijino kifunge, hiyo ni kazi yako, na meneja mwambie kwa nini bastola ilikuwa inapiga juu. Cheo kikienda, kiende. Ila usianze na meneja, na Cletus usimwite kambini. Nenda wewe kwake, wiki hii, usisubiri mavuno, maana dawa ikishaingia machoni hakuna fundi wa kuitoa. Nenda mchana, Prisila awepo, naye ameishi na uongo wako. Usibebe sukari wala kitenge. Eleza kila kitu kwa mpangilio: tupa, masizi, na wewe ulilenga wapi. Usiseme shetani alikupitia.

Akikufukuza, ondoka bila kubishana. Akikaa kimya, kaa. Msamaha usiuombe siku hiyo, utakuwa unamdai tena. Mwambie tu macho yake ni mazima na yalikuwa mazima siku zote, halafu nyamaza, umwache akutazame.