Harusi, Mwakani

Embu Mjini,
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa Baba,

Hamjambo huko Mikinduri? Natumaini mguu wako wa kushoto umepunguza malalamiko, na kwamba mama ameacha kupanda ngazi kuchuma parachichi mwenyewe. Mimi ni mzima. Ofisi ya jarida letu la Vigelegele bado iko juu ya duka la mbegu, kwa hivyo maharusi wanaokuja kuuliza bei ya tangazo hunusa mbolea kwanza, na wengine huondoka na mbegu za sukumawiki.

Wewe huniuliza kila mwezi nimejifunza nini. Jumamosi nilikuwa kwenye harusi kule Kanja. Mvua ilinyesha hadi maji yakaingia hemani. Bwana harusi akavua viatu, akamvusha tope mtu mgongoni, na mtu mwenyewe si bibi harusi, ni mama mkwe! Wazee waliguna, maana mkwe wa heshima hakaribii hivyo. Lakini yule mama alikuwa anacheka huku ameshikilia kofia yake. Nimeandika kwenye ukurasa wangu wa mhariri kwamba kuna siku heshima hulazimika kuvua viatu.

Sasa nina ombi. Desemba jarida linatimiza miaka kumi, na nataka jalada liwe picha ya harusi yenu, wewe na mama. Sijawahi kuiona. Nadhani mama ameifungia kwenye lile sanduku lake la bati. Mpe Salesio, yule dereva wa miraa, akija huku Jumanne. Nitaitunza kama yai.

Nakuandikia kwenye karatasi kama ulivyoagiza. Ulisema simu yenu ni ya watu wawili na msomaji wa ujumbe ni mama, lakini barua ni ya mwenyewe.

Binti yako,
Kagwiria

*

Mikinduri,
16 Septemba 2025

Kwa Kagwiria, mama yangu,

Nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na sitaacha hata ukizeeka. Barua yako nimeipokea saa tano na dakika kumi. Afya ni njema. Mguu unalalamika asubuhi tu. Ng'ombe amezaa ndama jike, tarehe 11. Mvua bado. Mama yako amechaguliwa tena kuongoza kwaya, mwaka wa ishirini na tisa mfululizo.

Toleo la Agosti nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Ukurasa wa 9 kuna keki ya ghorofa saba. Ningependa kujua ilifikaje kwenye harusi kwa barabara hizi zetu. Ukurasa wa 22 mnamshauri bwana harusi afanye mazoezi ya kutembea. Mtu ametembea tangu utotoni, leo afundishwe?

Kuhusu ile picha, nitaangalia.

Baba yako,
Kaberia

*

Embu Mjini,
30 Septemba 2025

Mpendwa Baba,

Habari ya ndama? Mmempa jina?

Wiki mbili zimepita tangu uniambie utaangalia. Wewe uliyekuwa karani wa kiwanda cha kahawa, uliyeandika kila gunia na saa lilipoingia, huwezi kukosa kujua picha ya harusi yako ilipo. Jumapili nilimpigia mama nikamwuliza. Alicheka mpaka simu ikakwaruza, kisha akasema, "Mwulize mwenye daftari."

Mwenye daftari ni wewe, Baba. Kuna nini?

Binti yako,
Kagwiria

*

Mikinduri,
21 Oktoba 2025

Kwa Kagwiria, mama yangu,

Salamu, na unisamehe kimya. Nimeanza barua hii mara nne. Mvua imefika tarehe 14 na maharagwe yamekwisha kupandwa, kwa hivyo sina tena kisingizio cha shamba.

Picha haipo kwa sababu harusi haikuwepo.

Usishtuke. Kimila mama yako ni mke wangu bila doa. Mbuzi walienda kwao Siakago, asali ilienda, wazee walikula wakatubariki. Kilichobaki ni kanisa. Unajua nimeandika daftari la kila siku tangu nimalize kidato cha nne. Nakunakilia machache, nawe usimwonyeshe mtu.

31 Desemba 1987. Ruguru ameanza kuizoea baridi ya hapa. Harusi, mwakani.

31 Desemba 1989. Kagwiria ana miezi minne. Harusi, mwakani, akishaanza kutembea.

31 Desemba 1997. Mvua imebeba daraja na nusu ya kahawa. Harusi, mwakani.

31 Desemba 2008. Paa la kanisa limeezuliwa, wanabadilisha mabati. Harusi, mwakani.

31 Desemba 2015. Kagwiria ameanzisha jarida la harusi. Nimeziona picha. Harusi, mwakani, tukiweza.

Nimezihesabu. Ni mara thelathini na nane. Zile za kwanza nilikuwa mvivu, nakiri. Lakini kuanzia hiyo ya 2015 nilikuwa naogopa. Kila toleo lako lilipokuja niliona magari yenye maua, wasimamizi kumi na wawili, ile keki. Nikasema, mhariri wa mambo haya ni binti yangu, sitamwaibisha kwa harusi ya chai na mandazi.

Mama yako halalamiki. Lakini wewe umekulia kwenye kanisa letu, unajua utaratibu: asiyefunga ndoa kanisani hafiki kwenye meza ya Bwana. Kila mwezi mama yako huongoza wimbo wa kuwapeleka wengine mezani, kisha wimbo ukiisha anakaa. Nami nakaa. Siku hizi kukaa huko kunaniuma kuliko mguu.

Nataka tufunge Jumamosi, 13 Desemba. Iwe siri, mama yako ashtukie furaha tu. Nisaidie.

Baba yako,
Kaberia

*

Embu Mjini,
28 Oktoba 2025

Baba yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi nimecheka, nikalia, kisha nikashuka dukani kununua maziwa kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mama anabaki kwenye benchi kwa sababu ya wimbo. Nilijivunia! Niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu ana kazi muhimu, hana nafasi ya kwenda mbele.

Sasa nikupe siri ya kazi yetu. Ile keki ya ghorofa saba, ghorofa nne za chini zilikuwa maboksi yaliyopakwa sukari. Wageni walikula keki za sinia zilizokatwa huko nyuma ya hema. Miaka kumi nimepiga picha maboksi, na maboksi hayo yakamtisha baba yangu mwenyewe. Nimeondoa kurasa mbili za keki kwenye toleo la Novemba. Mahali pake nimeweka wanandoa wa Siakago waliowapa wageni uji wa mtama, na picha ni nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Chai na mandazi vinatosha, Baba. Vipimo vya gauni nitavipata kwa fundi aliyeshona sare za kwaya. Wewe nenda kwa Mchungaji.

Binti yako mwenye furaha,
Kagwiria

*

Mikinduri,
11 Novemba 2025

Kwa Kagwiria, mama yangu,

Tuko salama. Ndama anaitwa Jalada, mama yako ndiye aliyemtaja, sijui kwa nini alinitazama hivyo.

Mchungaji Elphas amefurahi, lakini amenikumbusha jambo nililolisahau: matangazo ya ndoa lazima yasomwe mbele ya kanisa Jumapili tatu. Nikamwuliza kama anaweza kusoma polepole, kwa sauti ya chini. Amekataa.

Kwa hivyo nimepanga hivi. Jumapili hii, tarehe 16, mama yako atakuwa Siakago. Nimemwambia dada yake Nelius ana homa. Jumapili ya pili na ya tatu bado nazifikiria. Kwaya yote imeapa kunyamaza.

Suti yangu imenitosha kuanzia mabegani kwenda juu.

Baba yako,
Kaberia

*

Mikinduri,
18 Novemba 2025

Kwa Kagwiria, mama yangu,

Natumaini wewe u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Nakupa mambo jinsi yalivyotokea. Saa nne na nusu Mchungaji alisimama akasoma, "Natangaza ndoa kati ya Kaberia wa hapa Mikinduri na Regina Ruguru, binti Njiru, wa Siakago. Aliye na pingamizi aseme sasa."

Sauti ikatoka mlangoni. "Ninayo."

Kanisa lote likageuka. Alikuwa mama yako, na mfuko wa ndengu begani. Alikuwa amemkuta Nelius Jumamosi jioni akipepeta ndengu, hana homa hata kidogo, akageuza safari Jumapili alfajiri.

Mchungaji akasema, "Mama Kagwiria, anayetajwa hapa ni wewe."

"Nimesikia. Ndiyo maana nina pingamizi. Mimi sijaulizwa."

Watu wakaanza kucheka. Mchungaji akanigeukia. "Mzee Kaberia, ni kweli?"

Nikasema, "Nilikuwa na mpango."

Kathambi wa kwaya, yule yule aliyeapa kunyamaza, akasema kwa sauti, "Mpango wa miaka mingapi?"

Mama yako akautua mfuko. "Mwaka ule wa mbuzi, baba yangu aliniuliza kama anywe pombe ya asali ya watu hawa. Nikamwambia anywe. Huyu hakuniuliza kitu. Tangu siku hiyo kila tarehe 31 Desemba anaandika harusi, mwakani, na kila tarehe 1 Januari akienda kukama mimi nasoma. Miaka thelathini na minane ameliambia daftari. Mimi hajaniambia."

Kagwiria, hata wazee wa kanisa walifunika nyuso kwa vitabu vya nyimbo. Mchungaji akakunja karatasi, akasema tangazo limesimama mpaka bwana harusi amalize kazi yake. Kisha mama yako akaenda mbele akaongoza wimbo kama kawaida.

Nyumbani ananipikia, ananisalimia, anaimba. Harusi haitaji.

Nifanye nini?

Baba yako,
Kaberia

*

Embu Mjini,
25 Novemba 2025

Mpendwa Baba,

Pole na hongera, vyote viwili.

Nimechukua orodha yetu, ile tunayoichapisha kila Januari, Mambo Sitini ya Kufanya Kabla ya Harusi. Kuna ukumbi, kuna viatu, kuna jenereta ya akiba. La kumwuliza bibi harusi halimo. Nimeangalia mara mbili. Kwa hivyo tumekosa sote, na mimi ndiye mtaalamu.

La kufanya unalijua. Usiandike, na usimtume mtu. Nenda umwulize.

Binti yako,
Kagwiria

*

Mikinduri,
2 Desemba 2025

Kwa Kagwiria, mama yangu,

Salamu. Jumamosi nilikwenda Siakago mwenyewe, kwa shemeji yangu Njuki mwenye mizinga, nikarudi na asali. Jana saa tatu asubuhi nikavaa suti, nikamfuata mama yako shambani, nikamwuliza.

Amesema, "Mwakani."

Baba yako,
Kaberia

*

Mikinduri,
9 Desemba 2025

Kagwiria mwanangu,

Waendeleaje? Unakula? Mimi si mtu wa barua, lakini nimeona bahasha zikienda na kurudi kwa Salesio tangu Septemba, na mimi pia nina mkono.

Baba yako alikuja shambani na suti na gambuti. Ameshika asali mikono miwili kama mtoto aliyetumwa. Maneno yote aliyoyapanga yakamwagika kama njugu, akabaki na moja. "Ruguru, nakuomba tufunge ndoa." Mwanangu, niliacha kulima. Nilishika jembe.

Kisha nikakumbuka daftari. Nikasema, "Mwakani."

Ungekuwa na ile kamera yako! Hilo ndilo jalada. Nikamwacha na uso huo siku tatu. Yeye aliniacha miaka thelathini na minane, sikuona kama nimezidisha. Alhamisi jioni akiwa anachagua maharagwe nami, nikamwuliza, "Mwakani inaanza lini?" Akasema tarehe 1 Januari. Nikamwuliza Jumamosi ya kwanza ni tarehe ngapi. Akahesabu kwa vidole. Maharagwe yote yakaenda chini.

Kwa hivyo ni tarehe 3 Januari. Juzi Mchungaji ameanza matangazo upya, na safari hii nilikuwa nimeketi mbele. Akaniangalia mimi kwanza. Nikamwambia endelea.

Usiniletee shela ya kuburura. Nataka gauni la rangi ya maziwa, lenye mifuko. Mandazi nitakanda mwenyewe, sitaki ya watu.

Jumapili ya tarehe 4 ni siku ya meza ya Bwana. Kathambi ndiye ataongoza wimbo. Mimi nitakuwa kwenye mstari.

Jarida lako la Desemba litoke bila sisi. Sisi si watu wa haraka.

Mama yako,
Ruguru

*

Mikinduri,
Jumatano, 31 Desemba 2025

Kwa Kagwiria, mama yangu,

Salamu za mwisho wa mwaka. Sote wazima, mguu pia. Toleo la Desemba limefika. Yule kijana wa Kanja na mama mkwe wake mgongoni wamependeza kwenye jalada kuliko ambavyo tungependeza sisi. Ukurasa wa 31 umeandika "Mambo Sitini na Moja." La kwanza nimeliona. Nimelipigia mstari.

Gauni limefika na linamtosha. Amelivaa jikoni, akatia mikono mifukoni, akazunguka mara moja, akalitundika. Suti imefunguliwa mshono mgongoni, kwa hivyo usinipige picha kutoka nyuma.

Tunakungoja Ijumaa. Uje na viatu vya tope.

Leo jioni nimefungua daftari kama kila mwaka. Nilifikiri nitaandika kitu kirefu. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, na kilichokuja ni kile kile: Harusi, mwakani.

Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu, hangoji tena tarehe 1. Akaninyang'anya kalamu, akaongeza neno moja kwa mwandiko wake, la kwanza katika daftari hili tangu nilianzishe:

Jumamosi.

Baba yako,
Kaberia