Jicho langu hulia nikila

Nawal,

Maharage yako juu ya mbabula ya makaa, usiyaache yaungue kama juzi. Chupa ya dawa yangu ya jicho mtu asiisogeze.

Asubuhi uliposema umeikubali posa ya Yaseen na mtahamia Gasenyi, uliniona natoa machozi, ukasema, "Basi siendi." Apana, mwanangu! Asidi ya batiri iliponirukia pale garaji, jicho lilikauka kabisa. Daktari akatoa vinyama vinavyotoa mate ndani ya mdomo wangu, akavipandikiza jichoni. Nikitafuna tu, jicho linamwagika. Kilikuwa chakula kile, si huzuni.

Mwambie Yaseen ~~asubiri kwanza~~ aje Jumamosi na wazee wake.

Ila nimeshavaa viatu ndio nakumbuka, na machozi yale mwenyewe siyaelewi. Leo Alhamisi. Mi nimefunga tangu alfajiri.

Baba