Sauti Imepotea, Bibi Anakuja

Jumatatu, 3 Machi

Nimesasisha kompyuta. Iliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikabonyeza Ndiyo kama mtu aliyesoma maelezo yote. Sikusoma hata mstari. Ikazima, ikawaka, ikanipongeza: kila kitu kimekamilika. Kila kitu isipokuwa sauti.

Kwenye mipangilio, palipokuwa na jina la kadi ya sauti, sasa pameandikwa "kifaa bandia". Angalau Linux, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta yangu, si mnafiki.

Ingekuwa wiki nyingine ningecheka. Lakini Jumamosi saa tisa alasiri binti yetu anasoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza, kwenye redio ya mtandaoni. Aliacha masomo ya uuguzi kwa ajili ya redio hiyo, na mama yangu hajaongea naye tangu hapo. Binti kaniomba kitu kimoja tu: Baba, hakikisha Bibi ananisikia.

Simu haifai. Masikio ya Mama yamechoka, anasema simu inalia kama mbu. Ndiyo maana nina spika mbili kubwa kama makabati, zimechomekwa kwenye kompyuta hii hii ninayojivunia mbele za watu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeuliza kwenye jukwaa la wataalamu mtandaoni. Wa kwanza: umejaribu kuizima na kuiwasha? Wa pili: kwa nini unatumia toleo hilo? Wa tatu akamvaa wa pili. Hadi jioni wanatukanana kistaarabu, na swali langu liko huko juu peke yake, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Nikaandika amri waliyonipa, ya kuamsha upya huduma ya sauti. Kompyuta ikajibu kwa mistari mirefu. Nikatikisa kichwa kama ninayeelewa — na chumbani nilikuwa peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kapita, kaka yake mke wangu. Miaka yote nimemcheka kwa kununua programu ambazo sisi wenye akili tunapata bure.

"Vipi, Injinia? Leo naona kimya."

"Nafanya matengenezo."

"Ya kimyakimya."

Akasema Jumamosi atatuletea kompyuta yake, hana shida. Nikamjibu asante, haitahitajika. Sijui kwa nini sasisho halikuzima na mdomo wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeirudisha kompyuta kwenye kerneli ya zamani, yaani ule moyo wake wa kabla ya sasisho. Sauti hakuna. Ila maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango la duka la dawa. Tunasonga mbele.

Binti kapiga. Bibi atakuja? Nikasema atakuja. Na spika? Nikasema ziko tayari. Si uongo. Nimezifuta vumbi.

Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kumpigia Shemeji. Kasafiri, na kompyuta kabeba. Alicheka mpaka nikakata simu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama kafika mapema, kavaa kama anayekwenda msibani kwa mtu asiyempenda. "Nimekuja kuwaona nyinyi. Huyo mtangazaji wenu sina habari naye." Akachagua kiti kinachotazamana na spika.

Saa tisa kasoro robo niko chini ya meza, nachomoa na kuchomeka waya zile zile. Mke wangu, ambaye kutwa nzima hupokea simu za wateja kazini, akafungua mkoba, akatoa hedifoni zake, akazichomeka kwenye tundu la USB. Zikaimba papo hapo.

"Hizi zina kadi yake ya sauti humo humo ndani," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Anangoja tangu Jumatatu! Spika bado bubu. Hedifoni ni za kichwa kimoja, na kichwa cha nani hatukuulizana.

Kwa hiyo sasa binti yangu anasoma habari, nami naandika hapa pembeni, maana sina la kusikiliza. Mama kazivaa hedifoni. Uso wake hausemi kitu.

"Anasemaje, Mama?"

Kanionyesha kiganja.

Mke wangu naye: "Anasoma vizuri?"

Mama, kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe akiongea, majirani wote wamefaidi: "MBONA ANAKWENDA MBIO HIVI? NANI ANAMKIMBIZA?" Baada ya kidogo: "HAYA. HAPO SAWA."

Sasa taarifa imekwisha. Skrini inasema wameweka muziki. Nimenyoosha mkono nizichukue hedifoni, nikapigwa kibao cha kiganja, mimi na mvi zangu. Mama kazishika kwa mikono yote miwili.

Simu yangu inatetemeka mezani. Ni binti.

"Mama, zivue kidogo, kuna—"

"NYAMAZENI," kasema. "ATARUDI."