Nilisema Dawa, Sikusema ya Sukari

Gatung'ang'a, Karatina
9 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Wachuka,

Salamu nyingi huko Doha. Joto imekuachia nguvu kidogo? Unakula? Mimi niko mzima, ni magoti tu inalalamika nikipanda shamba ya juu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwa simu ungenikatiza.

Furaha kwanza: Theuri ametoka hospitali! Leo amekaa kanisani mstari wa mbele, kofia ameisahau kichwani. Nimelia mpaka mama yako akaona aibu.

Sasa wewe kaa chini. Unajua huyu jirani yetu Theuri ni mgonjwa wa sukari miaka tisa. Mwezi jana alifungia vidonge kwa kabati, akawa anakunywa hii uji yetu ya kuuza asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya pili akaanguka mlangoni kwake. Huko hospitali nikamuuliza ni nani alimwambia aache dawa.

"Ni wewe, Wachuka," akasema. "Nimekuona kwa simu."

Nikaangalia. Kweli ni mimi, na kitambaa yangu ya Jumapili. Siku hiyo ukinirekodi video nilionja nikasema hii uji ni dawa, haitaki sukari. Ati wewe ukakata maneno, ukaandika chini: "Uji wa Cucu Wachuka, dawa ya sukari." Mtoto wewe! Hapa kwetu supu ni dawa, chai ya tangawizi ni dawa, hata usingizi ni dawa. Umewahi kuona mtu ametupa vidonge kwa sababu ya usingizi?

Nikaenda mwenyewe kwa ofisi ya afya. Afisa anaitwa Nasirumbi, msichana wa Busia, hana mchezo, nimempenda sana. Akanieleza chakula haiuzwi na ahadi ya kuponya ugonjwa, iwe kwa pakiti ama kwa mtandao. Hata ukiweka mtu mwingine aseme amepona, ni wewe umesema.

Basi maneno mapya nimetunga mimi, sikusoma kama wewe: "Uji ya wimbi, mbegu ya terere na majani ya thabai. Tamu bila sukari." Nasirumbi akacheka, akanunua pakiti mbili! Theuri naye anasema uji yangu ni tamu lakini haijasomea udaktari.

Toa ile video ya zamani leo, kabla hujakula. Halafu waandikie wote walionunua, mmoja mmoja, wasiache dawa zao. Hilo jina tuko nalo wawili, lakini mimi ndiye nilianza kuitwa.

Mama yako na mjomba Kahiga wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe na masikio.

Akupendaye hata akikukaripia,
Cucu Wachuka,
mpika uji tu.